Picha ya Baba na Jembe la Watoto

Kondo na Maulidi, ndugu zangu wa Mikumi,

Leo nimeaibika mbele ya wilaya nzima, na aliyeniaibisha ni mtoto mwenye adabu.

Naandika jioni hii hii kwa sababu najua vijana wa reli midomo yao haina breki. Treni ya Jumatatu ikifika huko Mikumi habari itakuwa imeshaongezwa chumvi. Bora muisikie kwangu, tena yote, tangu asubuhi. (Chumvi yenyewe haihitaji. Mtaona.)

Nilipokuja kuazima kwenu suruali ya bugaluu na vile viatu vya raizoni vya soli nene, niliwaambia ni vya kupigia picha. Sikuwaambia picha ya nini. Baba amehamishwa. Miaka yote mnamjua yuko na genge la reli hapa hapa, kati ya Kilosa na Kimamba, kukaza misumari na kubadili mataruma. Sasa Jumatatu anakwenda Tabora, na kurudi ni mpaka likizo. Baba si mtu wa maneno. Juma lililopita, tukiwa tunapukuchua mahindi, alisema tu, "Ningependa niende na picha. Yenu wote."

Halafu akaendelea kupukuchua. Mama akainuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote.

Neno "wote" ndilo lililonitoa jasho. Nyumba yetu haina "wote". Tangu mwalimu mkuu aliposema kwamba kujitegemea kunaanza na miguu, wadogo zangu hawakai. Agripina, mwenye miaka kumi na minne, ni wa netiboli: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi, na siku nyingine yoyote atakayopata sababu. Damasi, wa kumi na miwili, ni wa mbio ndefu. Huyo huondoka alfajiri na jogoo, na jioni hurudi jogoo ameshalala. Oskari ana miaka minane, na yumo katika kila mchezo usiohitaji urefu: mbio za magunia, yai na kijiko, na kushangilia. (Kushangilia kwake ni mchezo kamili. Kuna mazoezi.) Hapo bado shamba la shule na shamba la kijiji. Ugali kwetu huliwa kwa zamu.

"Mimi sikuzaa watoto," Mama husema akifunika sahani ya nne. "Nilizaa treni. Kila mmoja na saa yake, na wote wanachelewa."

"Hata treni hupishana stesheni," Baba humjibu. Ndiyo hotuba yake ya siku.

Basi mimi, mtoto wa kwanza, darasa la saba kamili, mpima pamba wa ghala la kijiji, nikajiteua kuwa msimamizi wa ratiba. Nilichana mfuko wa saruji, nikachora mistari, nikabandika mlangoni mwa jiko. Jumamosi, siku ya mashindano ya shule za hapa wilayani, niliipanga hivi: saa tatu Agripina, saa nne Oskari, saa nne na nusu Damasi, saa saba kamili familia nzima stesheni kwa Fundi Picha. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Ilikuwa nzuri mno. Nilijiona nafaa kupanga ndege za nchi nzima.

Fundi Picha ni yule yule wenu wa Mikumi. Jumamosi huja na treni ya asubuhi, akatundika pazia lake kwenye ukuta wa stesheni, na saa tisa huondoka. Pazia mnalijua: limechorwa ndege na ngazi yake. Mimi, ambaye kila nikipima pamba naona mawingu, nilikuwa nimeshachagua kidato cha kusimama. Cha tatu kutoka chini. Mkono mmoja mfukoni.

Asubuhi nilimuwahi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Sita."

"Namwona mmoja."

"Wengine wanacheza. Saa saba kamili watakuwa hapa."

Nikamwonyesha ratiba niliyoinakili. Akaisoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya posa.

"Kijana, sijawahi kuona watu sita wakifika mahali saa saba kamili," alisema. "Hata bwana harusi huchelewa, naye ni mmoja tu. Haya, nakuwekea picha ya mwisho ya filamu hii. Moja. Mkifumba macho, mmefumba."

Nikaenda uwanjani nikichechemea kwa furaha. (Na kwa raizoni. Kondo, wewe huwa unatembeaje nazo?)

Saa tatu ikafika. Mgeni rasmi hakufika. Landrova yake ilikuwa imekwama kwenye matope huko njiani kutoka Dumila, na bila mgeni rasmi hata kibuyu hakikimbizwi. Saa nne. Saa tano. Saa tano na nusu akaingia, matope mpaka magotini, maskini, uso una furaha kama hakuna kilichotokea. Tukapiga makofi. Halafu ikaja hotuba. Ratiba yangu ilikuwa na vyumba vingi, lakini chumba cha hotuba sikukiweka.

Saa sita na robo ndipo Agripina akaingia uwanjani. Wakashinda. Nikashangilia, kisha nikaambiwa kwamba walioshinda wanacheza tena. Wakashinda tena. Mara ya tatu nilisimama pembeni nikimwomba Mungu timu ya dada yangu ifungwe, na ninaungama hapa. Haikufungwa.

Oskari alikuwa wa tatu kwenye magunia. Tukamwambia atoke ndani ya gunia. Akakataa.

"Nimeshalizoea," alisema, na akaendelea kurukaruka nalo kwenda kununua mua.

Mbio ndefu zilianza saa saba na nusu. Damasi, fulana ya kijani ya shule yetu, miguu kama fimbo za kuchungia, akaondoka na wenzake kuvuka daraja la Mkondoa, waende na barabara ya Kimamba mpaka mwanzo wa mkonge, ndipo wageuke. Kabla ya kuondoka alimtazama Baba mara mbili. Baba akamwinulia kofia.

Nikachukua baiskeli ya ghala mbio mpaka stesheni. Fundi Picha alikuwa anakunja ndege.

"Mzee, nakuomba."

"Saa saba ilikuwa saa saba, kijana."

"Baba yangu anakwenda Tabora. Jumatatu. Alitaka picha yetu, na hajawahi kutuomba kitu."

Alisimama na nusu ya ndege mkononi. Akatazama saa. Akatazama reli.

"Pazia silibebi," alisema.

Ngazi yangu ikakunjwa. Nikameza mate, nikamwambia hata bila pazia. Akapanda nyuma ya baiskeli, kamera kaipakata kama kichanga, miguu mitatu ya kamera imewaelekea watu njiani kama bunduki. Tulipofika uwanjani tairi la nyuma likatoa pumzi yake ya mwisho. (Lawama za ghala nitazipokea Jumatatu. Moja moja.)

Akatega kamera karibu na mstari wa kumalizia, kwa sababu hapo mwanga ulikuwa mzuri. Baba alikuwepo, koti lake la sikukuu limefungwa vifungo vyote. Mama alikuwepo, kitambaa kipya. Agripina alikuwepo, jasho na kikombe cha ushindi. Oskari alikuwepo na gunia. Tulikosa treni moja tu.

"Saa tisa kasorobo nafunga," Fundi Picha alisema. "Huyo mwingine yuko wapi?"

"Kwenye mkonge," alisema Mama, kwa sauti ya mwanamke aliyeyajua haya tangu asubuhi.

Sikuweza kusimama pale. Nikakunja bugaluu mpaka magotini, Maulidi, kwa ajili ya kuilinda na matope, nikatoka mbio kwenda kumpokea Damasi. Mbio za raizoni si mbio. Ni kama kukimbia juu ya vinu. Lakini nilifika darajani, na nilipofika tu, nani anatokea upande wa pili? Damasi. Peke yake. Anaongoza!

Aliponiona akasimama. Palepale, katikati ya daraja, anaongoza mbio za wilaya, akasimama.

"Kaka," alisema, na mdomo ukaanza kumcheza. "Baba ameshaondoka?"

Tabora ni Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Kumbe mtoto alikuwa amebeba hilo safari nzima, kwenda na kurudi.

"Hajaondoka, Damasi. Yuko uwanjani, anakungoja wewe tu. Kimbia, tupige picha!"

Wakati tunasemezana, kijana wa Kimamba mwenye fulana nyekundu akatupita. Hakutazama pembeni. Damasi akamwona mgongo, kisha akanitazama mimi, na sikulipenda lile jicho. Kosa lilikuwa langu na wote wawili tulijua.

Nikamshika mkono nikaanza kukimbia naye. Hatua ya pili, kiatu cha kushoto kikaingia kwenye ufa wa ubao wa daraja, kikajivua. Nilisikia chubwi. (Kondo, hapo kaa chini kwanza, nitarudi.) Cha kulia nikakivua mwenyewe, nikakishika mkononi. Sasa niko peku, suruali magotini, na ufupi wangu mnaujua, sina haja ya kuueleza. Shati nililovaa lilikuwa la kijani. Nililichagua kwa ajili ya kupendeza kwenye picha.

Tukaingia mjini nikimhesabia Damasi kama kwenye mchakamchaka, yeye akivuta pumzi, tunamsogelea yule wa nyekundu. Nilipanga vizuri: tukifika uwanjani nachepuka, mtoto anamaliza peke yake. Lakini wanafunzi walikuwa wamepanga mistari miwili kutoka barabarani mpaka kwenye utepe, wameshikana mikono, bega kwa bega, hakuna hata upenyo wa kuku. Walifundishwa kushikamana, wakashikamana.

"Kijani! Kijani!" wanapiga kelele.

Nami nitasema ukweli, kwa kuwa ninyi mnanijua. Upenyo sikuutafuta kwa bidii. Watu mia na mia wanaita rangi yangu. Miguu ikawa myepesi. Nikaona mawingu. Nikampita Damasi. Nikampita yule wa Kimamba. Nikaupiga utepe kwa kifua, mikono juu, kiatu kimoja hewani.

Kabla sijapata akili, mikono ikaninyanyua, nikajikuta juu ya meza ya mgeni rasmi. Naye, mtu wa watu, alikuwa amefurahi kuliko mimi. Akanikabidhi jembe jipya la zawadi, mpini na yote, akavuta kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mwoneni huyu. Hana viatu vya kukimbilia. Amekimbia peku! Huyu ndiye kijana tunayemtaka. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Kaloli, ndugu mgeni rasmi."

"Darasa la ngapi?"

Walimu walikuwa wananipungia mikono kule nyuma. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kichwa. Nilitaka kusema kweli, wallahi nilitaka, ila mtu yule alikuwa na furaha na matope magotini, ametoka mbali.

"La saba," nikasema.

(Nililisoma. Nililimaliza. Hakuniuliza lini.)

"Na ukikua unataka kuwa nani?"

"Rubani."

Makofi. Nilianza kuamini mwenyewe. Na pengine ningeshuka na heshima yangu na jembe, kama mgeni rasmi asingekuwa muungwana wa kutaka walioshindwa nao waheshimiwe.

"Mwite wa pili," alisema. "Njoo, kijana wa Kimamba. Mpongeze mwenzako hapa, wote wasikie."

Yule mtoto akapandishwa mezani, anahema. Akasogezewa kipaza sauti. Akanitazama usoni. Nilimwona anaziona ndevu zangu, zile chache mnazonicheka, anazihesabu. Ni mtoto aliyelelewa. Akainamisha kichwa kidogo, akasema kwenye kipaza sauti:

"Shikamoo."

Nami nimelelewa pia. Mdomo ukatangulia akili.

"Marahaba," nikamjibu.

Uwanja ukanyamaza. Hata mwenye kuuza mua alinyamaza. Mgeni rasmi akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akazitazama ndevu. Halafu katika ukimya ule ikasikika sauti moja tu, sauti iliyoniita kula tangu nizaliwe:

"Kaloli! Rudisha jembe la watoto!"

Ndipo uwanja ulipopasuka. Nimesikia vicheko vingi, lakini kicheko cha shule kumi na wazazi wao hakina mfano. Mama alikuwa anakuja amejifunga khanga kiunoni. Agripina anamfuata kumzuia, kikombe kwapani. Damasi, aliyefika wa tatu nyuma yangu mimi, amening'inia kwenye mguu wangu ananivuta nishuke huku analia na kucheka. Oskari anaruka na gunia asipitwe na jambo. Mama akafika, akalishika jembe upande wake, mimi upande wangu sikuwa nimeshtuka kuliachia. Na nyuma yao, ndugu zangu, Baba.

Baba alikuwa anacheka. Si kutabasamu. Kucheka, mdomo wote wazi, kofia imeanguka, amejishika kwenye meza ya mgeni rasmi machozi yakimtoka. Nina miaka ishirini na mbili na sikujua kwamba baba yangu ana pengo upande wa kulia juu.

Treni ikapiga honi stesheni.

Nikasikia: ka!

Niligeuka. Fundi Picha alikuwa ameshaanza kukunja miguu ya kamera.

"Mzee," nikamwita kutoka juu ya meza. "Ile ndiyo ilikuwa—"

"Ndiyo hiyo."

"Lakini hatukujipanga."

"Uliniambia unataka sita mahali pamoja," alisema. "Nimewahesabu. Mlikuwa sita."

Akaondoka mbio na kamera yake.

Jembe alipewa mwenyewe, yule wa Kimamba. Alilipokea kwa mikono miwili, na alipopita mbele yangu akaniambia shikamoo tena, maskini, alidhani ndiyo namna ya kunipoza. Damasi alipewa daftari na kalamu, za mshindi wa pili. Mgeni rasmi alinishika mkono akasema kwa kipaza sauti kwamba elimu haina mwisho, nikazomewa kwa mapenzi mpaka nje ya geti.

Njiani nilikaa nyuma ya wote nikisukuma baiskeli yenye pancha. Baba akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba.

"Baba, nimekuharibia picha."

Akatembea, macho kwenye tairi la pancha. Nilidhani ameshamaliza maneno ya mwezi huu.

"Ningeitazamaje Tabora," alisema mwishowe, "watu wamesimama kama nguzo za simu? Ningejua ni watu wa wapi?"

Halafu akaanza kucheka tena peke yake, akaishika baiskeli upande wa pili.

Leo tumekula ugali wote sita, sahani moja, kabla jua halijazama. Hakuna aliyekuwa na mazoezi. Oskari alikula ndani ya gunia. Damasi hakunisemesha mpaka mboga ilipokaribia kwisha, ndipo akanisogezea kipande chake cha samaki.

"Kaka," alisema, "mwakani usije kunipokea."

"Siji."

"Au uje na viatu."

Mama aliondoa ratiba yangu mlangoni akawashia moto. Alisema karatasi ya saruji huwaka vizuri.

Sasa sikilizeni. Picha inasafishwa huko kwenu Mikumi, na mnajua Fundi Picha huzitundika dirishani akizipenda. Nina hofu hii ataipenda. Mkipita, nawaomba kwa urafiki wetu, msisimame, msiite watu, msicheke. Itieni kwenye bahasha, mmpe kondakta wa treni, Baba aipate Tabora.

Na wewe Kondo: kiatu chako cha kushoto kimo Mkondoa, na kwa maji ya mwezi huu nadhani kimeshafika mbali kuliko nitakavyowahi kufika mimi. Cha kulia kiko salama. Kitafute kwenye picha, kipo mkononi mwangu, juu kabisa, na katika sisi wote ndicho pekee kilichotulia.

Wenu,
Kaloli